Sura ya Saba: Nani Aliifunga Bastola?

Jumanne saa tano asubuhi ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya ngano ya Kaunti ya Latham, na mpelelezi Oleta Burkhalter alikuwa amebakiwa na saa tatu. Saa nane mchana sherifu Grady Nance angempandisha Verdell Teague mbele ya jaji kusomewa shtaka la kumuua mumewe, na katika jimbo la Oklahoma shtaka la namna hiyo huweza kuishia kwenye kitanda chenye mikanda na sindano ya kifo. Verdell alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwimbaji wa kwaya, na mpaka Jumapili hiyo kosa lake kubwa kwa serikali lilikuwa kuegesha gari mbele ya bomba la zimamoto.

Oleta mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alishaachwa na waume wawili na kuumwa na mbwa watatu, na kati ya hao watano aliwakumbuka mbwa kwa upendo zaidi. Hakuwa mtu wa kutishika na jengo. Lakini alipoingia tena chumba cha majoho nyuma ya madhabahu ya Kanisa la Nebo, alijikuta amesimama mlangoni kwanza, mguu mmoja nje.

Majoho ishirini na nne ya kwaya yalikuwa yamening'inia pande mbili, meupe, mikono imelegea, kama watu waliopanga mstari wakasahau kuja na vichwa. Katikati yao, sakafuni, ndipo Hollis Teague alipoangukia, risasi moja kifuani, wakati waumini wakiimba wimbo wa mwisho. Hakuna aliyesikia mlio. Au tuseme walisikia wote na hakuna aliyegeuka, kwa maana chini ya sakafu ya Nebo kuna tanuri la zamani la kupashia joto, na kila linapowaka hutoa kishindo cha kutikisa madirisha. Watoto wa kanisa hilo hulala usingizi juu ya kishindo hicho toka wakiwa wachanga.

Verdell alikwenda kutundika joho lake akamkuta mumewe. Walipomfikia alikuwa ameketi chini, kichwa cha Hollis mapajani, damu mpaka viwiko. Hilo peke yake lisingempeleka korokoroni. Kilichompeleka ni mkutano wa Alhamisi.

Hollis alikuwa mkuu wa walinzi wa Nebo, watu sita wanaokaa ibadani na bastola chini ya koti. Alhamisi hiyo kanisa zima lilikaa kuamua kama bastola za walinzi ni lazima ziwe na kifungio cha usalama, kile kijiti kidogo ubavuni ambacho kikisukumwa juu kwa kidole gumba silaha hailii hata uivute vipi, na kikishushwa inalia. Upande mmoja ukisema watoto wanawakumbatia walinzi kiunoni kila Jumapili, na kamba ya jaketi ikinasa pale inatosha. Upande wa Hollis ukisema mtu mwenye hofu hukumbuka jina la mama yake na kusahau kidole gumba, na mwovu hatasubiri ukumbuke. Hollis alisimama akaonyesha kidole chake cha shahada, akasema kifungio chake ni hicho. Kura zilipopigwa, kifungio kilishinda kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa ya Verdell. Huko nje kwenye maegesho watu kumi na mmoja walimsikia akimwambia mumewe, "Utakufa na kiburi chako, Hollis."

Siku tatu baadaye alikufa, tena kwa mojawapo ya bastola sita mpya zenye kifungio, zilizonunuliwa Ijumaa baada ya kura na kuwekwa ndani ya sanduku la chuma ofisini. Walinzi wote walijua namba za kufungulia, na Hollis alikuwa amezibandika pia kwenye friji ya nyumbani.

"Dewayne," Oleta alisema, "hebu nisomee ulichoandika."

Dewayne Stice, msaidizi wa sherifu aliyefika wa kwanza Jumapili, alifungua daftari. Alikuwa kijana mwenye mabega ya kubebea ng'ombe na sauti ya kuazima. Akasoma kwamba aliiokota silaha sakafuni kando ya maiti, akaitoa risasi, akaiweka katika hali ya usalama, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Maabara wamenipigia leo. Wanasema imefika kifungio kiko juu, na risasi moja imo chemba, nyuma ya mtutu."

Dewayne alitazama majoho, kana kwamba mojawapo lingemjibia.

"Magazini nilitoa, mama."

"Sijauliza magazini."

"Ile sehemu ya juu ilikataa kurudi nyuma. Nilivuta mara mbili. Nikafikiri imekwama kwa damu. Mlangoni pamejaa watu wananitazama, na mchungaji naye yumo."

"Ukaona aibu."

"Nikaona aibu."

"Na kile kijiti cha ubavuni?"

"Nilidhani ni cha urembo."

Oleta alicheka kidogo, halafu akaacha, maana chumba kile hakikupenda kicheko. Akamweleza kijana huyo taratibu. Bastola ya aina ile, kifungio kikiwa juu, hufungika yote. Sehemu ya juu haisogei hata ukiifunga kwenye trekta. Bastola za ofisi ya sherifu hazina kijiti hicho, na Dewayne hakuwahi kubeba nyingine kwa miaka sita. Asingejua kuifunga. Alijaribu kuifungua ikamshinda, na ilimshinda kwa sababu ilikuwa imeshafungwa kabla hajaigusa.

"Aibu yako imeniokolea nusu siku," alisema. "Siku nyingine iandike."

Alimpigia sherifu pale pale. Grady Nance hakuvutiwa. Kama Dewayne hakuifunga, basi ameifunga Verdell, na hiyo ni kazi rahisi zaidi. Oleta akamkumbusha kwamba asubuhi hiyo alimpelekea Verdell bastola tupu mle korokoroni, na mama wa watu akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyeokotwa kwa mkia, akauliza mbele ni wapi. Sherifu akasema anaigiza. Mtu wa kwaya amezoea jukwaa.

"Oleta, mimi na wewe tumetoka mbali. Niletee mkono mwingine kabla ya saa nane, nitamwacha. La sivyo nampandisha."

Mkono. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mtu ametoka kuua. Moyo unamwenda mbio, nje kuna watu mia mbili, ana dakika mbili za kutoweka. Na kabla ya kuiweka bastola chini, anaifunga. Nani anawaza hivyo? Hakuna. Hilo si wazo, ni mkono unaojiendea. Oleta alihama nyumba ya mume wake wa kwanza miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo akiingia chumba chenye giza mkono wake hupapasa ukuta wa kushoto, pale ilipokuwa swichi ya nyumba ile. Mkono una kumbukumbu zake na hauombi ruhusa.

Akaenda ukumbini kusoma orodha ya zamu. Walinzi watatu walikaa viti vya mbele, kila mtu aliwaona mpaka baraka. Wa nne ni marehemu. Wawili waliobaki walikuwa peke yao saa hiyo: Orville Gaskin kwenye maegesho, na Lonnie Pickrell kwenye ujia unaopita nyuma ya chumba cha majoho.

Hakuhitaji kuwatafuta. Wote wawili walikuwa jikoni mwa kanisa, wakipokea vyakula vya msiba: mabakuli ya tambi na jibini, kuku na wali, maharage ya sukari, kila bakuli limebandikwa utepe chini wenye jina la mwenyewe ili lirudi. Vilikuwa vimejaa meza mbili, na mfiwa aliyepikiwa alikuwa rumande akila mkate mkavu. Hakuna aliyejua vipelekwe wapi.

Oleta aliwaambia anakusanya silaha za walinzi wote kwa ajili ya maabara. Wakatoa bila ubishi. Dewayne akaziandikia risiti, akazikagua moja moja, halafu akainama sikioni kwa Oleta. Ya Orville haikuwa na risasi hata moja, akanong'ona, wala magazini ya akiba. Ilikuwa tupu kama ngoma.

Oleta akaweka hilo mfukoni. Akawachukua mmoja mmoja ndani ya ukumbi wa ibada, Dewayne mlangoni.

Alianza na Orville. Huyu ndiye aliyepigania kifungio kwa mwezi mzima, mzee wa kanisa mwenye miaka sabini na mitano, kofia ya jeshi kichwani, sauti ya kuamrisha mvua. Kama kuna mkono katika kaunti nzima unaofunga bastola wenyewe, ungekuwa huu. Alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa: kifungio kwake ni kama kupumua, amekifanya mara elfu kumi.

"Vizuri, Ndugu Orville." Oleta alichukua bastola ya kazini ya Dewayne, ile isiyo na kijiti, akaitoa risasi zote, akamwonyesha chemba tupu mara tatu. "Lenga ule ubao wa namba za nyimbo. Vuta. Halafu ishushe, unikabidhi."

Orville alilenga. Tik. Akaishusha. Oleta alikuwa hatazami ubao wala bastola. Alitazama kidole gumba cha kulia cha mzee huyo. Kilikuwa kimelala pale kama mbwa kwenye baraza wakati wa joto. Akarudia mara tatu. Kimelala.

"Ndugu Orville, umebeba bastola tupu tangu lini?"

Mzee alikaa kwenye benchi. Tanuri likawaka chini yao, guu!, na yeye akaruka, mikono miwili kifuani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo Oleta hakuwahi kuisikia kwake, kwamba jeshini alikuwa mpishi. Alifyatua risasi nane kwenye mafunzo na hakurudia tena. Anaiogopa bastola yake. Anaibeba tupu tangu aipate, na alidhani kifungio kikiwa sheria labda siku moja atathubutu kuitia risasi.

"Utawaambia watu?"

"Mimi? Mimi nitawaambia mayai uliyowakaangia wanajeshi yalikuwa mazuri." Akampigapiga bega. "Nenda kaonje yale maharage, yanapoa."

Saa saba na dakika ishirini. Mkono ambao Oleta aliuwekea matumaini ulikuwa wa mpishi.

Lonnie Pickrell aliingia akiwa amevua kofia. Miaka sitini, mpole, mwembamba, muuzaji wa chakula cha nguruwe tangu afike Latham miaka kumi na tisa iliyopita. Mtu wa kubeba majeneza na kurekebisha bomba la mjane bila kuombwa. Kwenye mkutano alisimama upande wa Hollis, akasema yeye hajawahi kushika bastola kabla kanisa halijamfundisha miaka sita iliyopita, tena ile ya kwanza kufundishiwa haikuwa na kifungio, na haoni kwa nini ajifunze upya uzeeni. Watu walicheka wakampigia makofi.

"Pole na kazi, Dada Oleta," alisema. "Nimempikia Verdell kuku. Nilimpelekea jana, hawakuniruhusu kuingiza chakula, wakaniruhusu kuomba naye tu."

"Una moyo, Lonnie. Kifungio hujawahi kutumia, eti?"

"Kamwe. Hata zile mpya Jumamosi tulipozijaribu kule kwenye machimbo ya kokoto, nilikuwa nakisahau. Nilikuwa kichekesho."

"Basi hii itakufaa. Haina." Akamwonyesha chemba tupu mara tatu, kama alivyomwonyesha mzee. "Lenga ubao wa nyimbo. Vuta. Ishushe."

Lonnie akainua bastola. Na hapo kuna kitu kilibadilika ndani ya kanisa, ingawa Oleta asingeweza kukiandika kwenye ripoti. Mabega ya muuzaji wa chakula cha nguruwe yalishuka. Miguu ikajipanga yenyewe. Tik. Mikono ikaanza kushuka, na kidole gumba cha kulia kikainuka.

Kilipanda ubavuni mwa chuma, taratibu, kikitafuta. Hakikukuta kitu. Kikateleza, kikarudi chini, kikapanda tena, kama kipofu anayepapasa mlango uliong'olewa. Uso wa Lonnie ulikuwa unamtabasamia Oleta wakati wote. Uso haukujua.

"Tena," alisema Oleta.

Tik. Kidole kikapanda, kikatafuta.

"Mara ya mwisho."

Tik. Tanuri likalia chini yao, guu!, vioo vikatetemeka, na Dewayne akashtuka mlangoni. Lonnie hakupepesa jicho. Kidole kilikuwa kinapanda.

"Kiangalie kidole chako, Lonnie."

Akakiangalia. Alikiangalia kwa muda, kama mtu anayetazama mnyama aliyeingia nyumbani bila kubisha. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akakiteremsha. Bastola akaiweka juu ya benchi, polepole, mtutu wake ukielekea ukutani.

Oleta alimsomea haki zake, zote, neno kwa neno, na akamwuliza kama anataka wakili. Alijua vema alichonacho: kidole. Hakuna jaji atakayemfunga mtu kwa kidole. Lonnie akisema "nataka wakili" basi Verdell anapanda saa nane, na mambo mengine Mungu anajua. Dakika thelathini na moja zilikuwa zimebaki.

"Mkono huo haukufundishwa hapa," alisema. "Jumamosi moja haitoshi kufanya hivyo, wala mia. Hapo pamefanyika kazi ya miaka. Na wewe ulisimama mbele ya kanisa zima ukasema hujawahi."

Lonnie alikaa. Alitazama ubao wa nyimbo kana kwamba angeambiwa wimbo gani unafuata.

"Hollis alikiona," alisema hatimaye. "Jumamosi, machimboni. Kwa wengine nilijitahidi, nilijifanya nimesahau, wakacheka. Lakini nikichoka kinajifanyia. Hollis alikuwa pembeni yangu. Hakusema kwa ubaya, Oleta. Alicheka, akaniuliza, 'Wewe Lonnie, nani alikufunza hivyo?' Utani tu. Mara moja. Kisha akasema Jumatatu atanitembelea tunywe kahawa nimsimulie."

"Ukaogopa kahawa."

"Miaka kumi na tisa hakuna aliyeniuliza swali." Alizungumza bila haraka. "Nilimwita pale chumbani nikamwambia kuna harufu ya gesi. Alikuja. Hata bastola yake hakuigusa. Alikuwa anakagua bomba, amenipa mgongo. Akageuka kwa sababu nilimwita jina. Sikutaka kumpiga mgongoni. Nililisubiri tanuri."

Dewayne alikuwa amesogea bila kelele, pingu mkononi. Oleta akamwinulia kiganja, asubiri.

"Na Verdell?"

"Sikujua angekuja kabla ya wenzake. Jana nilipoomba naye nilitaka kumwambia. Nikamwombea badala yake."

Oleta alikuwa ameonja mengi katika kazi hii, lakini hilo hakuwahi kulionja. Akachukua daftari. "Nahitaji jina. Si hilo la kwenye bahasha ya kanisa. La kwanza."

Lonnie alikuwa kama mtu anayepapasa chini ya kabati kwa kitu kilichoangukia huko zamani, ambacho hana hakika kama bado kipo. Kisha akalitaja. Oleta aliliandika, akainua macho, maana sauti iliyolitaja haikuwa ya Lonnie Pickrell. Ilikuwa nzito zaidi, ya mahali pengine, ya mtu mwenye umri mdogo. Haikuwa na upole wala ukali. Dewayne alirudi hatua moja, akagonga benchi.

Redio begani kwa Oleta ikakwaruza. Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Sauti ya Grady Nance ilitoka nyembamba ndani ya kanisa lile tupu: jaji amekaa, Verdell yuko kwenye ngazi na pingu, ampandishe ama asimpandishe, aambiwe sasa hivi.

Oleta alinyanyua mkono kubonyeza kitufe. Yule mtu aliyekaa kwenye benchi akamtangulia; aliinama kuelekea redio, kwa adabu, kama anayeomba kupitishiwa chumvi.

"Mwambie amrudishe mama huyo nyumbani," alisema kwa ile sauti. "Yeye hajawahi kuua mtu. Kwangu mimi Hollis ni wa nne."